Blanketi la Mama Mkwe

Ijumaa, tarehe 3 Februari mwaka 2017, saa kumi na moja alfajiri, chumba namba 14 cha kambi ya walinzi huko Al Rayyan kilikuwa na wanaume saba na mablanketi saba. Mtu asiyekijua chumba hicho angedhani kwamba kila mmoja alikuwa na lake. Haikuwa hivyo. Mwangi alikuwa na mablanketi mawili, watu watano walikuwa na moja moja, na Laban, mlinzi wa miaka thelathini na minane kutoka Nyansiongo nchini Kenya, alikuwa na feni.

Lilikuwepo pia blanketi la nane, lakini halikuingia katika hesabu. Lilikuwa juu ya kabati la chuma la Laban, ndani ya mfuko wake wa plastiki wenye zipu na mpini, na tangu liliponunuliwa hakuna aliyekuwa ameligusa ila dukani.

Habari ya feni ni fupi. Laban alifika Doha mwezi wa Juni. Mwezi wa Agosti kiyoyozi cha chumba kiliharibika kwa siku tisa, na siku ya tatu Laban alimwendea Mwangi, aliyekuwa na feni yake mwenyewe, akampa blanketi jipya la kampuni ili apewe feni hiyo. Mabadilishano yalifanyika mbele ya mashahidi watano. Laban alikuwa kifua wazi, na taulo lenye maji kichwani, alipotamka maneno ambayo chumba kizima kilikuja kuyakumbuka neno kwa neno.

"Mimi natoka mahali ambapo majani ya chai huamka yamekauka kwa baridi," alisema. "Hawa Waarabu hawana baridi ya kunitisha. Blanketi ni la watu wa ziwani, kama Jaduong."

Jaduong, yaani mzee, lilikuwa jina la heshima la Onyango, mtu wa Bondo aliyekuwa na miaka hamsini na mitatu, naye ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba. Onyango alichukua kalamu akaandika tarehe ile ukutani, karibu na kitanda chake.

Sasa upepo wa kaskazini ulikuwa umeingia Qatar, nao haukuwa umesoma maneno ya Laban. Kwao Nyansiongo asubuhi nyingi zilikuwa na baridi kali kuliko hiyo, na hapo Laban hakuwa amesema uongo. Alichosahau ni kwamba baridi ya kwao humkuta mtu katika nyumba yenye kuta nene, moto jikoni na uji mkononi. Nyumba za kambini zilijengwa zipigane na adui mmoja tu, nalo ni jua. Sakafu ni vigae, dirisha lina pengo la upana wa kidole kati ya fremu na ukuta, na mashine pekee iliyomo chumbani hujua kazi moja, kupoza. Laban alikuwa amelala na shuka mbili, soksi jozi tatu na kofia ya sare, na alipoamka alikuwa amejikunja kama kamba ya katani.

Alikwenda kuoga ili damu ichangamke. Hapo alikutana na jambo la pili.

Kambi ile ilikuwa na desturi isiyoandikwa popote. Kuanzia Mei hadi Oktoba tangi lililo juu ya paa huchemka juani, na bomba lenye alama ya buluu hutoa maji ya kunyonyolea kuku. Kwa hiyo watu huzima hita ya bafuni, maji yaliyomo ndani yake hutulia kivulini, na anayetaka kupoa hufungua bomba lenye alama nyekundu. Laban, kwa kuwa alifika mwezi wa Juni, alijifunza desturi hiyo kama sheria ya dunia: buluu ni moto, nyekundu ni baridi. Tangu siku zilipoanza kupoa alikuwa akioga jioni, akitoka kazini, wakati tangi bado lina uvuguvugu wa jua. Asubuhi ile alisimama chini ya bomba, akamimina sabuni kichwani, akafungua buluu kwa imani kamili.

Sauti aliyoitoa ilifika chumba namba 11. Chumbani mwao, Waganda wawili wa kitanda cha mwisho waliketi wakaulizana nani amefariki.

"Bwana Laban," Onyango alisema kwa upole nyuma ya mlango, "msimu umegeuka. Siku hizi buluu ni buluu."

"Hita imewashwa?"

"Tangu Mei, hapana."

Laban alitoka na sabuni masikioni. Mwangi, ambaye alikuwa bado kitandani chini ya mablanketi yake mawili, alitoa uso tu.

"Vipi, mtu wa majani chai?"

"Maji ni mazuri," alijibu Laban. "Yanaamsha."

Hata hivyo, alipomaliza kuvaa alisimama kando ya kitanda cha Mwangi akakohoa kidogo. "Mwangi, ndugu yangu. Ile feni nimeshaitumia vya kutosha. Nadhani unaihitaji."

"Mimi? Mwezi wa pili?"

"Joto litarudi."

"Likirudi tutaongea," alisema Mwangi, akavuta blanketi la pili hadi puani. "Mimi ni wa Nyeri, baridi naijua. Ndiyo maana naiogopa."

Wote waligeuza macho wakatazama juu ya kabati la Laban, kisha wakatazama kando kwa adabu. Kila mtu chumbani alijua lile blanketi lilikuwa la nani.

Lilikuwa la mama mkwe. Laban alilinunua Najma mwezi wa Desemba, zito, la manyoya, lenye simba wawili wanaotazamana, na kwake halikuwa zawadi tu. Miaka saba kabla ya hapo, siku alipokwenda kwa mara ya kwanza kwa wazazi wa Nyaboke, aliyekuja kuwa mkewe, alinyeshewa njiani. Mtoto mmoja wa nyumba ile alimpa leso, yaani kanga, ajifute. Laban alijifuta uso, shingo, na kwa kuwa alikuwa bado anatetemeka, akajitanda leso ile mabegani, akaketi nayo hadi chakula kikaletwa. Ilikuwa leso ya mama wa Nyaboke. Kwao, mkwe na mama mkwe hawapeani hata mkono. Nguo na matandiko ya mmoja ni mwiko kwa mwingine. Mama yule alitazama mabega ya Laban mara moja, akarudi jikoni, na kwa miaka minne hakuitikia salamu yake, hata baada ya mbuzi kuchinjwa na wazee kukaa.

Mwaka wa tano aliitikia. Na mwishoni mwa mwaka uliopita, kupitia Nyaboke, alituma ombi lake la kwanza kabisa kwa mkwewe: magoti yalikuwa yakimuuma kwa baridi, je, huko Arabuni hakupatikani blanketi zito? Nyaboke alimweleza mama yake juu ya wale simba, na mama aliwaeleza wanawake wa kanisa. Gari la kago lingepita kambini Ijumaa ya tarehe 10 kuchukua katoni za Kenya. Kazi ya Laban ilikuwa moja: blanketi lile lifike kwa mama mkwe bila kulaliwa na mtu, na zaidi ya watu wote, bila kulaliwa na yeye. Leso ilisamehewa kwa mbuzi. Kwa blanketi, Laban hakumjua mnyama ambaye angetosha.

Jumamosi alikwenda kazini Al Wakrah, kwenye lango la majengo mapya karibu na bahari, ambako upepo haukuwa na kitu cha kuuzuia. Kibanda chake cha plastiki kilikuwa na kiyoyozi kidogo ambacho fundi fulani alikiunganisha kwenye waya mmoja na taa. Ukitaka mwanga, shurti ukubali baridi. Kiyoyozi hicho kilikuwa kimesinzia kiangazi chote, kikidondosha maji tu. Sasa kilifanya kazi kwa bidii ya kupandishwa cheo. Laban alichagua giza. Alfajiri aliandika nambari za magari kwa kupapasa, na baadaye supavaiza aliposoma daftari alikuta lori moja limeingia mara nne bila kutoka.

Alikuwa amejifunga magazeti chini ya shati, mbele na nyuma. Yalisaidia, lakini kila alipoinua mkono kupiga saluti kifua chake kilichakarika. Mhandisi Mmisri, mtu mstaarabu, alisimamisha gari akashusha kioo na kumuuliza kama alikuwa amebeba hati za ofisi. Laban alijibu kwamba ndiyo, bwana, ni habari za michezo.

Jumapili, tarehe 5, ndiyo iliyokuwa siku mbaya kuliko zote. Sare zilizofuliwa Ijumaa zilikuwa bado zimelowa kwenye kamba juu ya paa. Basi la kampuni lilichelewa kwa sababu dereva alikuwa anachemsha maji ya kuoga kwa zamu kwenye birika la chai. Jioni wote saba walikaa wakilizunguka jiko la gesi la Onyango, mlango umefungwa, pengo la dirisha limezibwa kwa taulo, wakingojea ugali uive. Hakuna aliyekuwa na njaa ya haraka; walitaka mvuke.

"Songa polepole, Jaduong," alisema Benard, aliyelala kitanda cha juu ya Laban. "Usitumalizie joto."

Laban aliweka viganja karibu na sufuria. Vidole vyake vilikuwa vimepoteza rangi, na meno yake yalikuwa yakigongana kwa mpangilio maalumu.

"Laban," alianza Mwangi, "sasa tuongee kama watu wazima. Fungua hiyo blanketi. Lala siku tano, Ijumaa unaikunja, unafunga zipu. Mama mkwe yuko Kisii. Nani atamwambia?"

"Mimi nitajua."

"Wewe si ndiye shida? Wewe jinyamazie."

"Atalilalia kila siku," alisema Laban. "Nami kila nikienda kule nitaketi sebuleni nikijua. Nitamwangalia vipi?"

"Si mlisema hamwangaliani?"

Chumba kilicheka, na Laban pia alicheka, ingawa meno yalimkatiza. Onyango hakucheka. Yeye pia alikuwa na mama mkwe, na kwao mambo hayo hayakuwa tofauti sana.

"Mwangi, wacha," alisema, akigeuza ugali kwenye sinia. "Hilo jambo si la kuchezea. Mpe mtu blanketi lake la kampuni."

"Jaduong, ulishuhudia mkataba. Uliandika ukutani."

Onyango alitazama ukuta na akakubali, kwa huzuni, kwamba aliandika.

Baada ya kula, Laban mwenyewe alileta hoja. Aliuliza, kama mtu anayeuliza kwa niaba ya mwingine, itakuwaje endapo mtu atajifunika si blanketi bali mfuko wenye blanketi ndani, zipu ikiwa imefungwa.

Kesi hiyo ilichukua dakika arobaini. Benard alisema kitu kilichofungwa hakijatumika, kama vile soda iliyofunikwa. Mmoja wa Waganda aliuliza kama mtu akiketi juu ya sanduku la viatu amevaa viatu. Kevin, wa saba wao, alikubaliana na wote wawili. Mwisho wote walimgeukia Onyango, naye alifikiri kwa muda mrefu huku akisafisha mwiko.

"Blanketi liko nyumbani mwake," aliamua. "Mfuko ndio utakaokulalia. Lakini zipu isifunguke. Zipu ikifunguka, mimi sipo."

Hivyo Laban aliushusha mfuko, akakagua zipu kwa kidole mwanzo hadi mwisho, akalala chali na kuuweka kifuani. Ulikuwa mdogo kuliko mtu na ulikuwa na tabia ya kuteleza, ukamlazimu kuukumbatia. Lakini ulikuwa mzito, na upepo haukupita. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa Laban alilala usingizi wa kweli.

Alfajiri ya Jumatatu aliamka akiwa na joto. Alilala pale kidogo akilifurahia kabla hajajiuliza lilikotoka. Kisha alihisi kitu laini shavuni. Hakusogea. Aliinamisha macho tu, na kando ya pua yake akaona sikio la simba.

Zipu haikuwa imefunguka. Mshono wa plastiki ndio uliopasuka, pembeni, kiasi cha shubiri moja, na kutoka hapo pembe ya blanketi ilikuwa imechungulia nje hadi chini ya kidevu chake.

"Jaduong," aliita Laban bila kugeuza shingo. "Njoo uone."

Walikuja wote. Walisimama kuzunguka kitanda kama madaktari.

"Sikio si blanketi," alisema Mwangi upesi. "Hata simba mwenyewe hajatoka wote."

"Uamuzi ulihusu zipu," alisema Benard. "Zipu ni nzima."

Onyango aliinama, akalitazama sikio, akamtazama Laban. "Nikuulize kitu kimoja tu. Ulisikia joto?"

Laban angeweza kusema hapana. 

"Nilisikia," alisema. "Zuri sana."

"Basi umelala nalo."

Hakuna aliyefanya mzaha tena asubuhi hiyo. Laban aliketi ukingoni mwa kitanda na blanketi la simba magotini, na sasa hata angejifunika mwili mzima kusingekuwa na ubaya wa kuongezeka, lakini hakujifunika. Alilikunja, akalirudisha juu ya kabati, akaenda kazini na magazeti yake.

Jioni ile alikwenda Najma, na Mwangi akamfuata bila kuombwa. Walipita maduka sita. Baridi ilikuwa imewatangulia: mablanketi mazito yalikuwa yamekwisha, na kila mwenye duka alisema kwamba kontena lingekuja wiki ijayo. Katika duka la mwisho walipata ya watoto wachanga, yenye picha za bata.

"Ukishona manne pamoja?" aliuliza Mwangi.

Laban alimtazama.

"Nauliza tu," alisema Mwangi, na njiani kurudi hakusema kitu kingine, jambo ambalo si kawaida yake.

Jumanne, saa ya chakula cha mchana, Laban alimpigia mkewe akiwa nje ya kibanda, kwenye jua hafifu.

"Baba Velma," alisema Nyaboke, "mama ametoa godoro nje likapunge hewa. Amewaambia wanawake wa kanisa wa Jumatano waje kuona simba wakifika. Huko mko aje? Nasikia baridi imewapata."

Hapo ndipo jambo zima lilipofikia. Mshono ungeweza kufungwa kwa gundi. Sikio lilikuwa safi. Wanaume saba tu ndio waliojua, na sita kati yao hawangekanyaga Nyansiongo maisha yao yote.

"Mama Velma," alisema Laban, "hao simba hawaji. Nimelala nao."



"Wote wawili?"

"Sikio moja. Na labda sharubu."

Alimweleza yote, feni, bafu, mfuko, kesi ya dakika arobaini. Alipofika kwenye swali la Onyango, Nyaboke alikuwa akicheka hadi akaketi chini. Laban alisikia kiti.

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema Nyaboke. "Ungelileta nami nijue baadaye, nisingeweza kumtandikia mama. Lakini sasa nitamwambia nini? Amesubiri."

"Mwambie nilivyokwambia. Usipunguze."

"Hata feni?"

Laban aliwaza. "Hata feni," alisema.

Alhamisi jioni, siku moja kabla ya kago, Mwangi alishuka kitandani, akavuta katoni yake iliyokuwa tayari imezungushiwa utepe wa gundi na kuandikwa jina la mama yake, akachukua kisu cha Onyango, akaikata. Kutoka chini ya sabuni, maziwa ya unga na viatu alitoa mfuko wa plastiki wenye zipu. Ndani mlikuwa na blanketi zito la manyoya, jekundu, lenye mawaridi makubwa. Halikuwa limefunguliwa.

"Nipe simba," alisema. "Mama yangu hana neno na wewe. Wewe si mkwe wake, na kwake simba ni simba."

Mwangi aliendelea haraka, kama mtu anayeogopa kushukuriwa.

"Na feni yangu irudi. Mei inakuja."

Onyango aliinua mwiko. "Feni ikirudi, na blanketi la kampuni linarudi. Mkataba ukivunjwa, unavunjwa pande zote."

"Jaduong, si leo. Ngoja baridi iishe."

"Leo."

Mwangi alitazama mablanketi yake mawili, akachagua lililokuwa jembamba, akamrushia Laban. Onyango alikwenda ukutani akafuta tarehe ya Agosti kwa kitambaa chenye maji. Usiku huo Laban alilala chini ya blanketi la kampuni, jembamba na lenye harufu ya Mwangi, na kesho yake saa nne asubuhi katoni zote zilipakiwa, ya Laban ikiwa na mawaridi.

Mzigo ulifika Nyansiongo mwishoni mwa Aprili. Nyaboke alipiga simu akiwa nyumbani kwa mama yake. Mama mwenyewe hakuishika simu, maana haikufaa. Alisimama kwenye mlango wa jikoni akaongea na ukuta, kwa sauti ya kutosha kufika Doha.

"Mwambieni mkwe wangu mawaridi nimeyapokea," alisema. "Wale simba ni heri wamekwenda kwingine, wangeniamsha. Na mwambieni asilale tena na feni. Mkwe aliyeganda hana faida kwa binti yangu."

Laban aliirudisha simu mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza mama yule kuulizia, kwa njia yoyote, jinsi alivyolala. Nje ya kibanda jua lilikuwa limeanza kuuma, na kiyoyozi kilikuwa kimerudia kudondosha maji.

Mei ilipokwisha, mikataba ya watu watatu ilikuwa imekwisha pia. Onyango alirudi Bondo, na Waganda wawili walirudi kwao. Ijumaa, tarehe 2 Juni 2017, chumba namba 14 kilikuwa na wanaume wanne: Laban, Mwangi, Benard na Kevin. Mablanketi yalikuwa manne, kila mmoja na lake. Feni ilikuwa moja, ya Mwangi.